Uzi maalumu: Lori zito likichepuka barabara kuu ya mizigo – kinachovunjika, kinachoua, na cha kufanya ukishaingia

#1 MpimaNjia (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mvua kubwa zikinyesha, au semi (kichwa na tela lake) ikilala mlima Kitonga, kati ya Mikumi na Iringa, ikaziba njia, ujumbe ule ule unaanza kuzunguka kwenye magrupu ya madereva: "Pitieni huku ndani, kunapitika." Kunapitika kwa gari gani? Noah imepita, Fuso imepita. Semi ya tani 50 ni habari nyingine kabisa. Naomba uzi huu uwe wa kazi: vipimo, hatua na sababu. Malalamiko ya faini za mizani yana nyuzi zake.

Tuanze na uzito. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, ekseli (mhimili wa magurudumu) ya usukani ni tani 8, ekseli moja ya tairi nne tani 10, ekseli mbili pamoja tani 18, tatu pamoja tani 24, na jumla ya gari na mzigo haizidi tani 56. Kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu kinakupa 8 + 18 + 24, yaani tani 50. Dar–Morogoro–Mikumi–Iringa–Makambako–Mbeya–Tunduma imesanifiwa kwa hesabu hiyo. Morogoro–Dodoma–Singida–Nzega–Nyakanazi mpaka Rusumo na Kabanga, vilevile. Barabara ya wilaya haikusanifiwa hivyo, na nyingi zina kibao cha tani 10 pale mwanzoni. Kibao kile kinasema uzito wa gari pamoja na mzigo wake. Wengi wanakisoma kana kwamba kinataja mzigo peke yake.

Wahandisi hupima uharibifu kwa ekseli ya kawaida ya kilo 8,160, na uharibifu unakua kwa kipeo cha 4 hivi. Hilo lilitokana na majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, 1958 hadi 1960. Ekseli ya tani 10 inaharibu kama ekseli za kawaida 2.3. Ya tani 12 inaharibu kama 4.7. Lami nene inaweza kuvumilia hilo miaka. Changarawe ya sentimita 15 iliyotandazwa juu ya mfinyanzi uliolowa haivumilii hata msafara mmoja.

Ila kuchimbika kwa barabara siko kunakoua watu. Kinachoua ni kona, mteremko, kalavati (bomba la maji chini ya barabara), na watu walio kando kukosa pa kukimbilia. Nitagusa kona, mengine naomba wataalamu wake waje.

Kanuni za Ulaya, ambako vichwa vyetu vingi vinatoka, zinataka semi iweze kuzunguka ndani ya duara la nje la mita 12.5 na la ndani la mita 5.3. Toa: mita 7.2. Huo ndio upana ambao gari linakula likikata kona kali, kwa sababu tairi za tela hazifuati njia ya tairi za kichwa, zinakata kwa ndani. Mtaa wa mita 6 wenye mtaro kila upande hauna mita 7.2. Kwa hiyo tela litapanda baraza la mtu, au litaingia mtaroni na kulala.

Halafu mwendo. Kontena lililojaa hadi juu linaweza kupinduka nguvu ya pembeni ikifika kama 0.35 ya uzito wake. Kona ya nusu kipenyo mita 50, hiyo ni kilomita 47 kwa saa. Kona ya mita 30, ni 36. Kona hiyo hiyo ya mita 30 ikiwa imeinamia nje kwa asilimia 5, jambo la kawaida kwenye barabara za changarawe, inashuka hadi 34 hivi. Na hapo ndipo gari linapinduka. Mwendo salama uko chini zaidi. Dereva aliyezoea kona za barabara kuu, pana na zilizoinamishwa kwa ndani, jicho lake linamdanganya akiingia huku.

Msimamo wangu nauweka wazi: njia kuu ikifungwa, semi inasubiri. Inachepuka kwa sababu mbili tu. Ama mamlaka ya barabara imetangaza njia mbadala kwa uzito huo, ama kuna mtu ameipita njia yote kwa pikipiki au kwa miguu akiwa na vipimo mkononi kabla gari halijatoka kwenye lami.

#2 Kaka_Tunduma

Mkuu, umeandika vizuri lakini njoo upande wa dereva. Kitonga imefungwa tangu alfajiri, tajiri anapiga simu kila nusu saa, foleni ina kilomita kadhaa, wezi wa mafuta wanazunguka usiku. Kukaa hapo nako ni hatari. Utamwambiaje mtu asubiri?

#3 MpimaNjia

Kaka, hoja yako ni ya haki. Kusubiri nako kuna namna yake, na kusubiri vibaya kunaua. Usisubiri kwenye mteremko wala kwenye mkia wa foleni ulio nyuma ya kona. Ukisikia tu kwamba mbele kumefungwa, simama kwenye mji au maegesho ya malori ya mwisho kabla ya mlima. Unaelekea Iringa, Ruaha Mbuyuni ni mahali bora pa kukaa kuliko kuning'inia katikati ya Kitonga. Ukishanaswa kwenye foleni ya mteremko: hendibreki, kabari mbili nyuma ya tairi za tela na mbili kwenye kichwa (kwa upande wa chini wa mteremko), taa za tahadhari, na pembetatu mbali kiasi kwamba anayekuja kwa kilomita 60 aione na asimame. Mita 100 nyuma, si hatua tano kama tunavyoona. Utingo asilale chini ya tela, hata jua likiwaka vipi.

Na kwa tajiri, hesabu ni hii. Njia mbadala halali mara nyingi ipo, ila ni ndefu. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ilikatika maeneo ya Somanga. Lori la mizigo kutoka Mtwara lilikuwa na barabara kuu ya lami ya kuzunguka: Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako. Ni mzunguko mkubwa sana, dizeli inakwenda. Lakini kila daraja la huko limejengwa kwa uzito wake. Dizeli ya ziada inajulikana bei. Semi iliyolala kwenye kalavati la kijiji haina bei inayojulikana: kreni, kuhamisha mzigo, bima inayouliza ulifuata nini huko, na Mungu apishie mbali kama kulikuwa na watoto wanaotoka shule.

#4 FundiBreki_Makambako

Mleta uzi kasema aje wa mteremko. Nimekuja.

Chukua mteremko unaoshuka mita 300 kwa wima. Semi ya tani 50 inabeba hapo nishati ya megajuli 147 hivi, karibu sawa na iliyomo kwenye lita 4 za dizeli. Yote hiyo lazima iende mahali. Ukiimaliza kwa breki ya mguu peke yake, inaingia kwenye dramu 12 za breki (moja kila gurudumu), kila moja kilo 50 hivi, na ukiacha kupoa kwa upepo joto linapanda karibu nyuzi 490. Laini za breki hazishiki kwa joto hilo, zinateleza na kutoa moshi.

Jambo la pili watu hawalijui: dramu ya moto inatanuka. Ya milimita 420 ikipanda nyuzi 400 inaongezeka karibu milimita 2 kwa kipenyo. Ukidhani ni kidogo, kumbuka kwamba fimbo ya chemba (kopo la upepo linalosukuma breki) inabidi isukume mbali zaidi ili laini zifike. Chemba ya namba 30 ya kawaida ina mwendo wa milimita 64 basi, na kikomo cha kurekebisha ni milimita 51. Gari lililotoka gereji na fimbo inatembea 50, likiwa la baridi linashika vizuri. Likipata moto, fimbo inafika mwisho, inagonga ukuta wa chemba, na dereva anakanyaga hewa.

Namna ya kupima, watu wawili, kabla ya kuingia njia yoyote ya milima:
1. Gari kwenye tambarare, kabari zimewekwa, injini imezimwa, hendibreki imeachiwa.
2. Upepo wa breki uwe kati ya bar 6.2 na 6.9.
3. Piga alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye chemba.
4. Mwenzako akanyage breki mpaka mwisho na ashikilie.
5. Pima alama imetembea kiasi gani. Zaidi ya 51 kwa namba 30 (au 45 kwa namba 24), gari haliendi.

Slaki adjasta (mikono inayounganisha fimbo na breki) za kujirekebisha zenyewe zikionyesha mwendo mrefu, usizikaze kwa spana ukaondoka. Ina maana kuna kitu kimekufa: yenyewe, kamshafti yake, au bushi. Ukikaza, itarudi pale pale baada ya milima miwili.

Kushuka: gia inachaguliwa juu, kabla pua haijainama. Breki ya injini au ritada (kifaa cha kupunguza mwendo bila breki za magurudumu) iwe kazini. Ukifika mwendo wako salama, tuseme 30, kanyaga kwa nguvu ya kutosha sekunde tatu hivi mpaka ufike 22, achia kabisa, subiri urudi 30, rudia. Mguu uliolala juu ya breki kidogokidogo njia nzima unapika dramu bila kupunguza kitu. Na kuachia nyutro ili kuokoa mafuta, kwa semi yenye mzigo, ni kujiua na kuua walio chini.

Sasa kwa nini njia ya kuchepuka ni mbaya zaidi hapa? Barabara kuu zinajitahidi mwinuko usizidi kiwango, na pale ulipozidi kuna vibao na wakati mwingine njia ya ziada. Barabara ya kijiji imefuata tu kilima kilivyo. Unakuta asilimia 14, kona chini, na daraja jembamba baada ya kona.

#5 Neema_Usafirishaji

Fundi, shukrani. Swali la vitendo: mtu aliyetumwa kukagua njia kwa pikipiki atajuaje kwamba ni asilimia 14 na si 8? Macho hayapimi.

#6 FundiBreki_Makambako

Dada Neema, simu yoyote ina kipimo cha kulala sawa. Beba ubao ulionyooka wa mita 2, ulaze barabarani kufuata mwelekeo wa gari, simu juu yake. Nyuzi 1 ni asilimia 1.75. Nyuzi 5 ni karibu asilimia 8.7, nyuzi 8 ni asilimia 14. Pima sehemu tatu za mlima, chukua iliyo kali kuliko zote. Bila ubao simu itakupimia kokoto moja.

#7 Mhandisi_wa_Kalavati

Naongezea upande wa chini ya tairi.

Kalavati la bomba linabeba lori kwa msaada wa udongo ulio juu yake. Udongo ndio unaotawanya uzito. Ukiwa chini ya sentimita 60, tairi zinakaa karibu moja kwa moja juu ya bomba. Barabara za vijijini greda likipita miaka mitano linakwangua, juu panabaki sentimita 20 au 30, na hakuna anayepima. Kwa hiyo mkaguzi ashuke mtaroni. Apime kutoka mgongo wa bomba hadi uso wa barabara. Aangalie ndani kwa tochi kama kuna ufa wa urefu kwenye dari ya bomba. Ufa huo wa juu unaotembea kufuata bomba ndio unaotangulia kuporomoka. Aangalie ukuta wa mbele kama umeinama, na kama maji yamechimba nyuma yake. Shimo dogo lenye ukubwa wa ngumi kwenye bega la barabara, karibu na kalavati, usilipuuze: huko chini mara nyingi kuna pango.

Madaraja ya chuma ya kuunganisha: gari moja tu kwa wakati, katikati, kilomita 5 hadi 10 kwa saa, hakuna kubadili gia wala kukanyaga breki juu yake. Uzito ulioandikwa unaheshimiwa hata kama jana lilipita zito zaidi. Chuma kinachoka.

Bega la barabara baada ya mvua: chukua nondo ya milimita 12, ikandamize kwa uzito wa mwili. Ikizama kirahisi zaidi ya urefu wa kiganja, usipishane na gari lingine hapo, maana tairi za kushoto zikitoka nje ya sehemu iliyoshindiliwa, tela linalala polepole na huwezi kulirudisha. Tairi ya lori imejazwa bar 8 hivi, na mkandamizo wake ardhini unakaribia huo huo, yaani kilo 8 kwa kila sentimita ya mraba. Tope halibishani na namba hiyo.

Na lobedi, yaani tela la tumbo la chini. Njia za reli zilizoinuka ndiyo mtego wake, TAZARA na reli ya zamani ya kati. Tumbo likikaa kwenye tuta la reli, gari halisogei mbele wala nyuma. Kipimo chake ni kamba. Kama kati ya ekseli za nyuma za kichwa na ekseli za tela kuna mita 10, na tumbo liko sentimita 20 juu ya ardhi likiwa na mzigo, chukua vijiti viwili vya sentimita 20, vifungie kamba ya mita 10, vishikeni wima pande mbili za reli na kamba ikazwe. Mtembeze jozi hiyo hatua kwa hatua kuvuka tuta lote. Mahali popote kamba ikigusa ardhi au reli, lobedi itakaa. Ikishakaa, hatua ya kwanza ni kutoa watu na kuwaarifu reli. Kuvuta kunafuata baadaye. Reli ya SGR haina shida hii kwa kuwa vivuko vyake ni vya juu au vya chini, lakini vile vya chini vina kikomo cha urefu, na umeme wa juu ya reli ni kilovolti 25. Kisome kibao cha urefu kabla hujaingia.

#8 Bwana_Mariakani

Salamu kutoka Kenya, wadau. Huku kwetu sababu kubwa ya trela kuingia njia za ndani ni kukwepa mizani: Mariakani, Athi River, Gilgil, Webuye. Trela hilo hilo ndilo limezidisha uzito. Hebu fikirieni vizuri: lori lililo zito kupita sheria ndilo linakwenda kwenye barabara iliyo dhaifu zaidi, na mara nyingi usiku, ili lisionekane. Hatari zote tatu zimekutana mahali pamoja.

Nataka kukazia habari ya watu kando ya barabara. Londiani Junction, tarehe 30 Juni 2023, lori lilitoka barabarani likapita kwenye matatu na wafanyabiashara waliokuwa kando. Zaidi ya watu 50 walifariki. Hiyo ilikuwa barabara kuu, pana. Soko la ndani, la Jumatano au Jumamosi, meza za nyanya ziko kwenye lami yenyewe. Hakuna bega, hakuna nafasi ya dereva kuchagua.

Pia bodaboda. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo trela likikata kona kushoto, dereva anaanza kwa kutanua kulia kwanza ili tela lisipande ukingo. Bodaboda akiona pengo hilo la kushoto anajipenyeza. Tela linapokata kwa ndani, yeye yuko kati yake na ukuta. Lori lenye usukani kushoto linaona upande huo vizuri kiasi, ila upande wa kulia halioni kitu likitaka kulipita gari jingine. Ndani ya mji mdogo tanboi (utingo) anashuka, anatembea mbele upande ambao dereva haoni, na dereva asimpoteze machoni. Akimpoteza, asimame pale pale.

#9 Afisa_Tranziti

Kwa wenye mizigo ya tranziti (inayopita kwenda nchi nyingine), kuna upande wa forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya 2004 inataka mzigo wa tranziti upite njia iliyoidhinishwa. Lakiri za kielektroniki (sili za mzigo) zinapiga kengele chumba cha ufuatiliaji ukitoka njiani au ukisimama pasipoeleweka. Watu wanachukulia kengele hiyo kama adui. Ni msaada pia: ni rekodi kwamba uliarifu.

Ukilazimika kutoka, mpangilio ni huu: piga simu chumba cha ufuatiliaji au wakala wako kabla gurudumu halijatoka, taja namba ya gari na ya lakiri, mahali, sababu, na njia unayotaka kupita, pata jibu la maandishi, hata ujumbe wa simu, piga picha ya lakiri kabla na baada. Gari likipinduka na kontena likafunguka, polisi na forodha wanaitwa kabla mzigo haujahamishwa. Ukihamisha mwenyewe kwa nia njema, utaeleza sana.

Na kibali cha mzigo usio wa kawaida kutoka TANROADS (wakala wa barabara kuu) kinataja barabara na vipande vyake. Hakikupi ruhusa ya barabara ya TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), wala hakikuinulii waya za umeme za TANESCO. Kila mmoja anaombwa kwake.

#10 Neema_Usafirishaji

Tuseme kweli kuhusu Kariakoo na mitaa inayofanana nayo. Kontena la futi 40 linaletwa usiku hadi mlangoni kwa mwenye duka kwa sababu anataka lakiri ivunjwe mbele ya macho yake. Haki yake. Lakini je, kuna njia nyingine inayolipa?

#11 MpimaNjia

Ipo, na hesabu yake si mbaya. Kontena lina tani 26 za bidhaa. Fuso iliyobeba tani 8 ina jumla ya tani 13 au 14, hiyo tayari imevuka kibao cha tani 10. Canter yenye tani 3 hadi 3.5 inabaki kwenye 7. Kwa hiyo safari 8 au 9, mwenye mali anavunja lakiri yadi, anahesabu pale, na anasaini kila Canter inapoondoka. Kazi ya kushusha ni ile ile, kwa sababu mlangoni pake pia wangeshusha kwa mikono. Gharama mpya ni Canter tu. Toa humo gharama ya semi kukaa usiku kucha mtaani, waya za watu zilizokatwa, na vifuniko vya mitaro vilivyovunjika.

Kama mfanyabiashara anakataa kabisa, basi angalau urefu upimwe. Kontena la futi 40 la aina ndefu kwenda juu lina kimo cha mita 2.9, sakafu ya tela mita 1.5 au 1.6, jumla 4.4 hadi 4.5. Nyaya za mtaani zinazoning'inia kwenye nguzo zilizoinama zinashuka chini ya hapo. Utingo asipande juu ya kontena kuziinua kwa mti wa ufagio. Hilo nalisema kwa herufi kubwa: ASIPANDE.

#12 Kaka_Tunduma

Na waya ikishagusa?

#13 Mhandisi_wa_Kalavati

Dereva abaki ndani, asiguse chuma cha nje, awaambie watu wasisogee: mita 10 na zaidi. TANESCO wapigiwe wakate umeme, na waya ulionyamaza si ushahidi kwamba umekatwa. Unaweza kurudishwa kituoni dakika yoyote. Kama gari linawaka moto na lazima atoke, aruke miguu ikiwa pamoja bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa kuburuta nyayo, miguu isiachane. Hatua ndefu inaupa umeme njia ya kupanda mguu huu na kushukia ule.

#14 Mama_Kemikali

Wanangu, mmesahau tenki na kemikali, na ndizo zinazopita kwa wingi kwenda Tunduma: mafuta, salfa, asidi, sayanaidi ya migodini.

Tenki lenye petroli lina kibao cha namba 1203, dizeli 1202, asidi ya salfuriki 1830, sayanaidi ya sodiamu ngumu 1689. Msaidizi yeyote wa njia ajue namba hizo, maana mwenyekiti wa kijiji atauliza "ni nini hicho?" na jibu lazima liwepo. Petroli ikimwagika: mita 50 kila upande watu watoke mara moja, ikimwagika nyingi, mita 300 upande upepo unakoelekea, tenki likishika moto, mita 800 pande zote. Sasa piga mita 800 kutoka katikati ya kijiji chochote unachokijua. Unaondoa shule, zahanati na soko.

Sachangwan Januari 2009 na Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, kila mahali walikufa zaidi ya watu 100. Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, zaidi ya 200. Zote zilikuwa barabara ambazo gari la zimamoto linaweza kufika. Njia ya ndani halifiki, na habari ya "mafuta ya bure" inafika kabla ya askari. Hivyo tenki lililopinduka ndani linahitaji watu wa kuzuia mbele na nyuma dakika ile ile: simu kwa polisi na zimamoto, kisha mwenyekiti na wazee wa kijiji, kipaza sauti cha msikiti au kengele ya kanisa. Wanakijiji wanamsikiliza mtu wao kuliko dereva mgeni. Injini za bodaboda zizimwe mbali, jiko la mkaa la mama ntilie limwagiwe maji.

Tenki nusu tupu ni hatari kuliko lililojaa. Kimiminika kinasukumana upande kwenye kona na kulipindua chini ya mwendo ule aliotaja mleta uzi. Sayanaidi ni kinyume cha mazoea: usiimwagie maji ovyo, na usiiache ikutane na asidi, inatoa gesi ya kuua. Kibali na njia vya kemikali viko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Gari likitoka kwenye njia iliyopangiwa, mtu wa kwanza kupigiwa ni mwenye kibali.

#15 Kaka_Tunduma

Nimekubali mengi. Swali la mwisho: dereva ameshaingia, giza limeingia, mbele kuna kalavati hana imani nalo. Afanye nini, hatua kwa hatua?

#16 MpimaNjia

Asimame hapo hapo penye ardhi ngumu, kabla ya kushuka kuelekea kalavati. Taa, pembetatu, kabari. Asigeuze: kugeuza semi kwenye barabara ya mita 5 ndiko kunakoipeleka mtaroni, kwa sababu tela likikaa mshazari uzito wote unahamia tairi za upande mmoja. Atume mtu nyuma kwa miguu hadi njia panda ya mwisho, ahesabu kona na aone kama kuna mahali pana.

Usiku asirudi rivasi. Asubiri kuche, mtu mmoja akae macho. Asubuhi, watu wawili wa kuongoza: mmoja nyuma kushoto, mmoja nyuma kulia, wote waonekane kwenye vioo, wa tatu njia panda akizuia magari. Lugha ya mikono ikubaliwe kabla: mikono miwili juu ni simama, na mtu yeyote, hata mtoto, akiinua, gari linasimama. Mwendo wa mtu anayetembea. Kila mita 50 asimame, anyooshe tela, aangalie pande zote mbili. Kama tela linaanza kujikunja, aende mbele kidogo anyooke, asijaribu kulirekebisha akiwa rivasi.

Kwenye utelezi afunge difloki (kifaa kinachofanya tairi za pande zote mbili zizunguke pamoja) gari likiwa limesimama, aende kwa mstari ulionyooka, aifungue kabla ya kona. Na upepo: rivasi ya muda mrefu na breki nyingi inamaliza upepo, kwa hiyo ukishuka kuelekea bar 5, simama, ongeza, kisha endelea. Usingoje king'ora cha upepo mdogo. Ukisubiri mpaka kilie, hendibreki inaweza kujifunga mahali pabaya.

#17 FundiBreki_Makambako

Na akifika lami asiondoke moto mmoja. Njia ya mawe na makorongo inalegeza kila kitu. Azunguke gari: kufuli nne za kontena zimefunga na hazijapinda; mdomo wa sahani ya kuunganishia umeng'ata kingpini (pini ya tela) na hakuna mwanga kati ya sahani na tela; nati za magurudumu, kwa zile za M22, Nm 600 hadi 700, na kutu inayotiririka kutoka kwenye nati ni dalili imelegea; mawe yaliyokwama kati ya tairi pacha yatolewe, jiwe moja hapo likiruka kwa kilomita 80 linapasua kioo cha basi. Mabomba ya upepo chini ya tela yaangaliwe kama yamekwaruzwa na kisiki. Kisha injini izimwe, breki ikanyagwe, mshale wa upepo uangaliwe dakika moja: ukishuka zaidi ya bar 0.3, kuna sehemu inavuja, itafutwe kwa maji ya sabuni kabla ya safari.

#18 Neema_Usafirishaji

Nimechapa #4, #6, #7 na #16 kwenye karatasi moja, inakaa kwenye kila kichwa pamoja na nondo, kamba ya mita 10 na ubao wa mita 2. Mhandisi, kamba iwe ya katani au nailoni?

#19 Mhandisi_wa_Kalavati

Dada, ile nyembamba ya nailoni ya waashi. Ya katani ikilowa inakuwa nzito na kushuka katikati, itakwambia lobedi imegusa wakati bado ina nafasi, au watu waikaze kupita kiasi vijiti viiname. Pakeni alama nyekundu kila mita moja.